Nywele za Mama Katika Hewa Haba

Mama hakuwa mtu wa kuacha nywele zake ovyo. Akishachana, zile zilizonasa kwenye kitana alizikusanya moja moja, akazisokota zikawa kidonge, akaenda kuzitumbukiza chooni. Choo kikiwa mbali, alizifukia. Sisi watoto kitana chake hatukukigusa, na aliyekigusa alikiona cha moto. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwendea siku moja na kibanio cha kung'olea nyusi, nikamwambia mama, naomba nywele zako, pamoja na mashina yake, nizipeleke Ulaya.

Alicheka mpaka akashika mbavu.

Nilikuwa nimekuja likizo. Baba alishafariki, na mama alikuwa ameondoka Mbuji, huko milimani tulikokulia kwenye kahawa na maharage, akarudi kwao Ngumbo, ziwani, akawa anaishi na mdogo wake. Ilikuwa ile miaka ya biashara huria. Mbinga mjini nilipita sikupafahamu. Maduka yamejaa sabuni za kila rangi, wanunuzi wa kahawa wageni wanapita na magari yao wakinadi bei madirishani, na saluni zimefunguliwa hata uani kwa watu, wanawake wanakaanga nywele kwa dawa ya kalikiti. Mama alizisikia habari hizo akasema, "Watu wanaunguza nywele zao wenyewe, halafu wewe unakuja kuomba zangu. Kweli dunia imefunguliwa."

Kazi yangu nitaieleza taratibu, maana nimechoka kuulizwa kama huko Ulaya nilikuwa nauza wigi. Unywele unaouona umekufa. Kilicho hai kiko chini, ndani ya kifuko kidogo kilichochimbika kwenye ngozi. Ngozi ya kichwa ukiikata na kuitazama kwa hadubini inafanana na mteremko wa Mbuji uliolimwa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, shimo baada ya shimo. Humo ndani kuna seli zinazogawanyika usiku na mchana. Unywele ukinyofolewa vizuri, unatoka na ala nyeupe ya utelezi kwenye shina. Ukiulaza katika chupa yenye maji ya lishe, ukaiweka chupa kwenye kabati la joto, baada ya muda seli zinatambaa kutoka kwenye shina, zinatandaa chini ya chupa.

Swali letu lilikuwa hewa. Watu walizoea kuzikuza seli hizo katika hewa hii hii tunayovuta chumbani, wakidhani oksijeni ikiwa nyingi ndiyo heri. Lakini chini ya ngozi hakuna hewa ya namna hiyo, ni haba. Kwa hiyo tulikuwa na makabati mawili, moja la hewa ya kawaida na jingine ambalo oksijeni yake tuliipunguza kwa kuingiza gesi nyingine. Na tulichokiona ni kwamba zile za hewa ya kawaida zilianza kwa pupa, kisha zikatanuka, zikachoka, zikaacha kugawanyika. Zile za hewa haba zilikwenda polepole, zikabaki ndogo, zimebanana, na ziliendelea zile nyingine zikiwa zimeshakoma. Sasa profesa wangu, mzee mpole mwenye upara (chekeni tu, hata mimi nilicheka), akataka kujua kama ni hivyo hivyo kwa kichwa cha kijana na cha mzee wa ukoo mmoja. Kichwa cha kijana kilikuwepo, changu, na kilikuwa kimeshanyofolewa mpaka kinawasha. Cha mzee kilikuwa Ngumbo.

Mama alikaa mkekani nyuma ya nyumba, mimi nikapiga magoti nyuma yake. Kila nikinyofoa alisema "Hee!" kwa sauti ya juu kuliko maumivu yenyewe, ili mama mdogo amsikie kutoka jikoni.

"Na huko utazipanda zote?"

"Zote, mama."

"Zikiota?"

"Tutazitazama zinavyoishi."

Kisha akasema, na safari hii hakuwa anatania, "Ukimaliza uzirudishe. Usiniache kwa watu nisiowajua."

Nikamwahidi. Nilizitia kwenye vichupa, na vichupa nikavitia kwenye chupa ya chai yenye barafu niliyoombewa kwenye jokofu la zahanati ya misheni. Nikapanda lori mpaka Mbinga, kisha basi. Tulipofika Kitai mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaomba chai. Nikamwambia hii si chai. Akasema kama hutaki kunipa sema tu. Mpaka Songea basi zima lilikuwa limeshaambiwa kuwa kuna binti mchoyo kiti cha nyuma, na mimi kwa hasira zangu za karibu nikazidi kuikumbatia chupa, nikazidi kuonekana mchoyo.

Ziliota. Seli za mama zilitambaa kwenye chupa nilizoandika "Mama" kwa wino, na nitasema bila kuzunguka kwamba zilinifaa kuliko watu wa mji ule. Watu walikuwa wema, siwasingizii. Lakini siku nzima ingeweza kupita bila mtu kuniuliza nimeamkaje. Nilipangisha chumba ghorofani, na jirani wa mlango wa pili nilimjua kwa viatu tu. Kwetu huwezi kwenda kisimani bila kuulizwa habari ya nyumbani, ya mashamba, ya wagonjwa, mpaka ukereke. Nilikuwa nakereka kweli zamani. Huko nilitamani mtu anikere. Basi asubuhi nikiweka chupa chini ya hadubini nilisema, "Shikamoo mama," nikainama kutazama. Profesa alinisikia akauliza maana yake. Nilimwambia ni salamu. Tangu siku hiyo naye akawa anapita nyuma yangu anasema shikamoo, hajui anamwamkia nani.

Kisha mama akafa.

Aliugua kwa muda mfupi, wakamzika, na habari ikanifikia mchanga wa kaburi umeshakauka. Mama mdogo alipanda mlima mpaka Mbinga kwenye kibanda cha simu cha mtu binafsi, vibanda vyenyewe ndiyo kwanza vimeanza, akanipigia. Alisema maneno machache. Sikuweza kwenda. Hati zangu za ukaazi zilikuwa ofisini kwao zinabadilishwa, na bila hizo ningetoka nisingerudi. Nilivaa koti nikaenda maabara, maana sikuwa na kwingine kwa kwenda. Za hewa ya kawaida zilishakoma zamani. Nikatoa chupa ya hewa haba nikainama. Moja ilikuwa inagawanyika pale pale naitazama, imejiviringa, imebanwa katikati, inakuwa mbili. Nilipandwa na hasira sijui za kumkasirikia nani. Niliondoa macho, nikaosha mikono, nikarudi nikatazama tena.

Baada ya hapo mama mdogo alipiga simu mara ya pili. Walikuwa wanajiandaa kuanua tanga, msiba uishe. Kwetu wafiwa wananyolewa, na mtu akishanyolewa ndipo anaruhusiwa kupaka mafuta, kwenda sokoni, kucheka hadharani, kuwa mtu tena.

"Na wewe huko unyolewe siku hiyo hiyo," alisema. "Tafuta Mtanzania mwenzako akunyoe."

Tafuta Mtanzania mwenzako! Kama vile wamejipanga barabarani. Nilikuwa na upweke kiasi kwamba sikutaka simu ile iishe, nikasema neno ambalo nilidhani litamfariji.

"Mama mdogo, nywele za mama bado zinaishi."

Nikasikia lori likipita huko Mbinga.

"Zinaishi vipi?"

"Zile nilizochukua. Zinakua, zinazaana. Leo asubuhi nimeziona."

"Leo hii?"

"Leo hii."

"Basi hatuanui."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. Hawezi kunyoa watu, alisema, wakati anayeliliwa hajamaliza kufa. Nikaanza kumweleza. Kwamba zile ni seli tu, kwamba mama si seli, kwamba hata mtu akikatwa kidole, kidole si mtu. Nilipandisha sauti, nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani. Naye akapandisha yake. Alisema, "Siku ile ulipomkalisha mkekani ulisema unataka nywele za mama yako. Leo unasema si mama yako. Chagua moja mwanangu, halafu umlete." Simu ikakatika, au aliikata.

Kwa hiyo mazishi yalikwisha na msiba ukabaki. Niliambiwa baadaye jinsi walivyoishi. Mama mdogo analala chini, kichwa hakijachanwa, shamba lake la muhogo analimiwa na majirani, ngoma za harusi upande ule wa kijiji hazipigwi kwa ajili yake. Watu walimsihi anyoe yaishe. Akakataa. Na ufunguo wa yote ulikuwa ndani ya kabati la chuma upande wa pili wa dunia, kwangu.

Ningeweza kudanganya. Nimimine dawa ya kuulia vijidudu kwenye chupa, nipige simu, niseme zimekufa, nyoeni. Ni kazi ya dakika moja. Sikufanya, na wala haikuwa kwa ajili ya ukweli. Sikutaka zife. Jamani, sikuwa na mtu mwingine. Kila seli zilipojaa chupa ilinipasa kuzigawa, nusu niendelee nazo, nusu nitupe, na mimi nikaacha kutupa. Chupa zikaongezeka. Siku moja profesa alifungua kabati akakuta rafu nzima imeandikwa "Mama". Akaniuliza tunahitaji ngapi. Nikamweleza yote, nimesimama, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe, tangu mkeka mpaka kibanda cha simu. Alivua miwani akaifuta. Akasema vipimo vya utafiti tunavyo, hizi zilizobaki ni zako, nenda nazo ukipata hati zako.

Hati zilichelewa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nililiona kila siku kwenye michoro yangu nisiliamini. Hewa haba inachelewesha tu. Chupa za mama zilianza kuchoka moja baada ya nyingine, seli zikatanuka, zikawa bapa, zikaacha kugawanyika. Nilizibadilishia maji ya lishe mara kwa mara, nikawa nafika mapema na kuondoka mwisho. Nilizisemesha. Siku hati zilipotoka ilikuwa imebaki chupa moja yenye kisehemu kimoja kilichobanana vizuri, ukubwa wa ukucha.

Chupa ya kusafiri unaijaza maji ya lishe mpaka mdomoni ili yasichafuke kwa kutikisika, unaifunga kabisa. Humo hewa inakuwa ndogo mno. Seli za kawaida zingesumbuka, hizi zilishazoea. Nikaifunga tumboni kwa kanga ipate joto langu, nikavaa gauni pana juu yake. Kwenye basi la kutoka Songea kondakta alinitazama tumbo akamwinua kijana mmoja kiti cha mbele, "Mpishe mama kijacho." Sikumsahihisha. Nilikaa mbele mpaka Mbinga, mkono tumboni, na kila basi likiruka shimo niliguna kweli.

Ngumbo nilifika jua limepanda. Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini. Sikumtambua mara moja, nywele zimesimama, mvi na vumbi, kitambaa cheusi kimepauka. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umemleta?"

"Nimemleta."

"Yu hali gani?"

Nikamwambia sijui mpaka nitazame. Nikaenda zahanati ya misheni, nikamwomba muuguzi hadubini yao ya kupimia malaria. Haikutengenezwa kwa chupa za namna ile, ikabidi niigeuze chupa juu chini ndipo nione. Muuguzi alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Nilitafuta kwa muda mrefu, kioo kinapata ukungu kwa pumzi yangu. Zilikuwepo. Chache, lakini zimeshikilia.

Nilirudi nikasema, "Yu hai." Nilikuwa nimejipanga kabisa. Nilidhani tutakwenda kaburini, tutachimba kidogo, tutaifukia chupa, katekista atasema neno, watu watanyolewa, nami nitalala usingizi ambao sikuupata tangu simu ile ya kwanza.

Mama mdogo alinitazama kama anamtazama mtu aliyepotewa na akili. "Umzike yu hai?"

Akaingia chumbani kwa mama. Nikamsikia anakung'uta shuka. Akanitokea mlangoni akasema, "Mlaze hapa. Sisi tulimuuguza. Wewe hukumuuguza. Sasa muuguze."

Nilitaka kubishana. Nina ulimi, kila mtu kwetu anajua. Lakini nilipoitazama ile shuka iliyonyooshwa kitandani, nikaacha. Nikaifungua kanga tumboni, nikailaza chupa kwenye mto wa mama, nikakaa pembeni kwenye kigoda.

Habari zilienea. Wanawake wakaanza kuja, wanavua ndapa mlangoni, wananipa mkono. "Pole na kuuguza." "Asante." "Anaendeleaje?" "Hivyo hivyo." Wengine walileta usipa, dagaa wa ziwa letu, mwingine unga. Bibi mmoja jirani aliinama akaitazama chupa kwa muda akasema, "Amepungua sana," na watu wakacheka chini chini, hata mama mdogo, kisha wakajikohoza. Katekista alikuja akasema ukweli kwamba sala ya chupa hajafundishwa, akasali ile ya wagonjwa. Mimi ambaye kule hakuna aliyeniuliza nimeamkaje, nilijibu salamu mpaka koo likakauka.

Watu wakipungua, mama mdogo alikaa chini kando ya kitanda ananisimulia. Sikumuuliza, alianza mwenyewe. Homa ilivyoanza. Alichokataa kula na alichokitamani, uji mwembamba wa mahindi ya kule Mbuji, si wa muhogo. Jinsi alivyokuwa akigeuzwa, na upande uliokuwa ukimuuma. Nilishika chupa mikononi kuipa joto, namsikiliza.

"Aliniulizia?" nikasema.

"Aliuliza. Kila gari likisikika linashuka mlimani aliuliza kama ni wewe."

"Mlimwambia nini?"

"Tulimwambia uko njiani."

Nilifunika chupa kwa kanga, nikafunua, nikafunika tena.

Yale maji ya lishe yana rangi ya waridi, na mambo yakiharibika yanageuka manjano. Yaligeuka polepole. Wanawake nao waliona, maana sasa kila aliyeingia alitazama rangi kwanza kabla ya kunipa mkono. Nilikuwa na maji mapya kichupa kimoja mkobani. Ningeweza kuyabadilisha, nikampa muda zaidi. Nilikitoa, nikakaa nacho mapajani. Mama mdogo aliniona. Hakuniuliza ni kitu gani, alisema tu, "Amechoka, mwanangu." Nikakirudisha mkobani.

Asubuhi iliyofuata niliibeba chupa mpaka zahanati. Muuguzi alishaweka hadubini dirishani penye mwanga. Niliinama. Seli zote zilikuwa zimejikunja vidonge, zimeachia, zinaelea huku na huko nikigusa chupa, na hakuna hata moja iliyoshika chini. Nilizungusha nikatafuta kona zote nne, kwa uaminifu, kama ningekuwa napima ya mtu mwingine. Kisha nikasema asante, nikatoka.

Nilirudi kwa njia ya ufukweni. Watu walikuwa wanaanika usipa, wakaniona nilivyoibeba chupa, wakaacha kazi. Uani kwetu wanawake walikuwa wamekaa, miguu imenyooshwa. Mama mdogo akasimama. Alinitazama usoni na nadhani alishajua, lakini hakusema, maana neno lile ni la aliyekuwa na mgonjwa. Wote walinisubiri mimi.

Nikasema, "Mama amefariki."

Kilio kilichopanda pale kilikuwa cha msiba mpya. Chupa ikachukuliwa mikononi mwangu na mtu nisiyemwona, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu, nikalia mpaka nikapoteza sauti, na safari hii walikuwepo watu wa kunishika.